Mpungate una kwao: Colorado ni mwenyeji, Laikipia ni mharibifu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watu wa sehemu mbili: ndugu zangu wa Laikipia, Kenya, na wenzangu tunaozungumza Kiswahili hapa jimbo la Colorado, Marekani. Nataka kusema juu ya mpungate, ule mmea wa miiba ambao wengine huuita dungusi kakati na vijana huuita kaktasi basi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni picha moja. Mwishoni mwa Mei nilipiga picha ya mpungate uliochanua mbele ya nyumba yangu hapa Aurora, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Dakika tano hazikuisha simu ikalia. Alikuwa mama, kutoka upande wa Doldol huko Laikipia, na hata salamu hakutoa.

"Wewe, umepanda nini hapo mlangoni? Umesahau mbuzi wa baba yako?"

Nikamwambia, "Mama, sijasahau." Akakata simu. Kabla sijakaa vizuri, mtoto wa kaka yangu, ambaye anafanya kazi ya bustani mjini Nanyuki, akaniandikia pembeni: "Shangazi, hayo maua ni hatari! Nitumie majani matatu tu, wateja wangu watayagombania."

Wote wawili walikuwa wanaangalia picha ileile. Mama anataka niung'oe, kijana anataka nimtumie. Siwezi kumtii mama na siwezi kumpa kijana anachotaka, na sababu ni moja. Najua kuna mama wengine na vijana wengine wenye mawazo kama hayo, ndiyo maana nawajibu hadharani.

Nianze na mbuzi, maana mama ana haki ya kukasirika. Mwaka wa ukame mkubwa, 2009, miezi michache kabla sijasafiri, nyasi zilikwisha kabisa na kilichobaki kijani huko kwetu kilikuwa mpungate, ukiwa na matunda mekundu yanayong'aa. Mbuzi mwenye njaa haulizi. Tunda lile lina vimiba vidogo vingi kama nywele, tofauti na miiba mirefu unayoiona kwa macho. Vinanasa kwenye midomo, ufizi na ulimi, vingine vinashuka hadi tumboni. Baba alikuwa akimlaza mbuzi ubavu, anamshika taya zote mbili, nami natoa vimiba kwa ncha za kucha. Mdomo ulikuwa umevimba, una harufu ya kidonda. Vimiba vingi vilikatikia ndani. Mbuzi wa namna hiyo huwezi kumponya. Anasimama mbele ya majani na hawezi kuyatafuna, mpaka anadhoofika na kufa. Wengine vimiba viliwaingia machoni wakapofuka. Baba alizika wengi mwaka ule, na mimi niliondoka nyumbani mikono yangu bado inawasha.

Mmea ule jina lake la kitaalamu ni Opuntia stricta. Kwao ni pande za Florida, Ghuba ya Meksiko na visiwa vya Karibi. Wazee wetu wanasema Wazungu wa ukoloni ndio walioupanda Doldol kuwa ua wa kuzuia wanyama na watu. Ua ukatoka nje ya ua. Ndovu na nyani wanakula matunda na kutawanya mbegu kwenye kinyesi chao, na jani likianguka chini huota mizizi palepale likawa kichaka kipya. Mahali ambapo mifugo imekwangua ardhi ikabaki wazi, mpungate hauna mshindani. Malisho ya Laikipia Kaskazini yamefunikwa na kitu ambacho wafugaji wa pale hawakukichagua.

Sasa huku kwangu. Mpungate ulio mlangoni pangu ni wa aina nyingine, Opuntia polyacantha, na huu ni mzaliwa wa nyanda hizi. Unaota wenyewe kutoka Kanada hadi kaskazini mwa Meksiko. Ukitembea nje ya mji unaukuta katikati ya nyasi fupi za asili, umelala chini, hauzidi goti. Haujafunika nchi, kwa sababu hapa una majirani wanaouzuia: nyasi zinazoushindania maji, baridi inayoupunguza, wadudu wanaoula. Matunda yake nayo yakiiva hukauka, hayana utamu wa yale mekundu ya kwetu.

Nilinunua nyumba hii mwaka 2017. Mbele kulikuwa na uwanja wa nyasi za kijani, zile nyasi laini ambazo kila mtu huku anazo. Mimi mtoto wa nchi kavu nilizipenda sana mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ikaja bili ya maji. Watu huona theluji kwenye picha wakadhani Colorado ni nchi ya maji. Mji huu uko juu kiasi cha mita 1,600, na mvua na theluji vikijumlishwa havifiki milimita 400 kwa mwaka. Karibu nusu ya maji ya Denver, jiji jirani yetu, huvutwa kutoka ng'ambo ya milima, kwenye mto Colorado na vijito vyake, mto ambao mamilioni ya watu na mashamba wanaugombania mpaka jangwani. Nami nilikuwa namwaga maji kwenye nyasi ambazo hakuna mbuzi anayezila. Kila jioni nikifungua mpira wa maji kabla ya kwenda kazini, nilikuwa nikimkumbuka mama akiteka maji kwa kikombe kwenye shimo la mchanga.

Nikaamua kung'oa nyasi. Nikaenda kwenye duka moja la mimea, nikamwambia muuzaji nataka kaktasi inayostahimili baridi. Akaniuzia mitatu mikubwa ya kijani kibichi, minene, karibu haina miiba, akaniapia itakaa nje mwaka mzima. Oktoba ikapiga baridi ya usiku mmoja. Asubuhi nikitoka zamu (natunza wazee usiku) nikakuta imegeuka kama mboga iliyochemshwa. Niligusa jani moja kwa mti, likatoa uji. Baadaye nilijua kwamba ulikuwa mpungate wa nchi za joto, ule unaolimwa kwa matunda, na hakuna mtu mwaminifu angeuuza hapa kwa maneno yale. Pesa yangu haikurudi.

Aliyenitoa kwenye giza ni mzee jirani, mstaafu wa reli. Alikuja na katoni ya viatu yenye majani saba ya mpungate wa hapahapa, madogo kama kiganja cha mtoto, yamejaa miiba hadi kwenye kingo. Akaniambia jambo moja ambalo nalirudia kwa kila mtu: watu wengi huuua mmea huu kwa wema, yaani kwa maji.

Naomba nieleze tulivyofanya, maana wenzangu wa Aurora na Denver huniuliza kila wakati.

Kwanza, kile tunachokiita jani si jani. Ni shina lililobapa. Majani ya kweli yamekuwa miiba. Ukilikata lina jeraha, na jeraha lisipokauka linaoza udongoni. Kwa hiyo tuliyaacha majani yale saba kibarazani, kivulini, siku kumi, hadi mahali palipokatwa pakawa pagumu kama ukoko wa ugali.

Pili ni udongo, na hapa ndipo kazi ilipo. Udongo wa mtaa wetu ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha unashika maji kama sufuria. Baridi peke yake haiuui mpungate huu. Baridi ikikutana na miguu iliyolowa ndipo unapokufa. Tulichimba, tukachanganya sehemu mbili za kokoto ndogo, moja ya mchanga mnene na moja ya udongo wenyewe, tukainua tuta la karibu nusu mita dhidi ya ukuta unaotazama kusini. Nasema kusini kwa sababu huku jua la baridi hupita chini upande wa kusini siku nzima. Mtu wa Laikipia aliyezoea jua la utosini inabidi ajifunze hilo upya. Mimi lilinichukua miaka. Samadi hatukutia hata konzi moja. Juu tulitandaza changarawe, unene wa vidole vitatu, ili shingo ya mmea ikae pakavu.

Tulizika theluthi tu ya kila jani, tukalisimamisha kwa jiwe. Kiangazi kile cha kwanza nilimwagilia mara moja kila wiki mbili. Kuanzia mwaka wa pili sijamwagilia, isipokuwa miezi ile ambayo hakukunyesha kabisa, na hapo ni mara moja tu.

Kuhusu miiba: glavu ya kitambaa haisaidii, na ya ngozi inabeba vimiba ndani mpaka siku utakayovaa tena. Mimi nashika majani kwa koleo refu la jikoni, na magugu nayang'oa kwa koleo hilohilo. Vimiba vikikuingia, bandika selotepu nene juu ya ngozi uivute, kisha kibano kwa vilivyobaki. Usinyonye kidole. Kama una mtoto anayetambaa, upande mbali na njia.

Septemba ikiingia nafunga maji hata kama jua ni kali. Oktoba majani yanaanza kunywea, yanakunjamana, yanageuka rangi ya zambarau, na mmea wote unalala chini kama uliokanyagwa. Mwaka wa kwanza nilisimama pale nikalia, nikijua nimeuua tena. Mzee jirani akaniambia niuache. Kumbe ndivyo unavyojiandaa: unatoa maji mwilini, utomvu unaobaki unakuwa mzito usioganda upesi. Jani lililojaa maji lingepasuka. Ndiyo maana ukiumwagilia Septemba unaunyima nafasi ya kujikausha.

Jioni ya tarehe 21 Desemba 2022 upepo uligeuka, na joto likaporomoka kwa muda wa saa moja kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Alfajiri iliyofuata kipimo cha uwanja wa ndege wa Denver kilisoma nyuzi 31 chini ya sifuri. Mawaridi yangu mawili yalikufa mpaka mzizi. Mpungate ulikuwa umelala chini ya theluji nyembamba, umekunjamana. Mwezi Aprili nilikwenda kuutazama kila asubuhi. Siku moja jani la pembeni lilikuwa limeinuka kidogo, limerudi kijani, limejaa ukilibonyeza kwa ubao. Wiki tatu baadaye machipukizi yalikuwa kumi na tisa. Niliyahesabu mara mbili.

Na maua. Kila ua ni la siku moja, wakati mwingine mbili. Linafunguka asubuhi, la njano kama siagi, lenye ung'avu wa hariri, na mengine yangu ni ya waridi. Binti yangu ndiye aliyegundua kitu ambacho sikuwahi kukijua miaka yote niliyoishi katikati ya mipungate. Alichukua unyasi akagusa zile nyuzi za ndani zenye chavua. Zikajikunja taratibu, zote kwa pamoja, kuelekea katikati ya ua. Nyuki akitumbukia ndani nyuzi zinamfunika, naye anatoka amejaa unga mgongoni. Tulikaa pale tukigusa ua baada ya ua mpaka nikachelewa kulala. Mmea huu pia hufungua vinyweleo vyake usiku kuvuta hewa na kuvifunga mchana ili usipoteze maji. Mimi nafanya kazi usiku na kulala mchana, na sijui kwa nini jambo hilo linanifariji, lakini linanifariji.

Pembeni nimeongeza mwenzake mdogo, Echinocereus triglochidiatus, wa maua mekundu mazito, ambao vile vindege vidogo vinavyoelea hewani mfano wa chozi wetu haviuachi. Mwaka 2014 Colorado iliutangaza rasmi kuwa kaktasi ya jimbo, baada ya wasichana wa skauti kuwaomba wabunge.

Wenzangu wa hapa, nawaomba sana: nyasi mnazomwagilia mbele ya nyumba si heshima. Tangu 1981 shirika la maji la Denver limekuwa likifundisha bustani za nchi kavu, na sheria ya jimbo ya 2024 inazuia nyasi mpya za pambo kwenye maeneo ya biashara na kando ya barabara kuanzia 2026. Nunueni mipungate kwenye vitalu vinavyotaja jina lake kamili, au mwombeni jirani. Msiende kuchimba porini; ardhi ya umma ina sheria zake, na mmea uliochimbwa hovyo haufiki mbali.

Nirudi kwa mtoto wa kaka yangu. Jibu langu ni hapana, na halibadiliki. Kwanza kuna sheria: karibu kaktasi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mmea hauingii Kenya bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Lakini hata vibali vingekuwepo nisingetuma. Kijana wangu atasema huu wangu ni mdogo, matunda yake makavu, hauna tabia mbaya. Hata ule wa Doldol ulipandwa na mtu aliyedhani ni ua tu.

Australia walifanya hivyohivyo. Kufikia miaka ya 1920 mpungate ulikuwa umefunika hekta zipatazo milioni 24, watu wakahama mashamba yao. Kilichouweza ni kiwavi cha nondo kutoka Ajentina, kilichoachiliwa mwaka 1926 kikala mipungate kutoka ndani. Ilikuwa nusura kwao. Nondo huyohuyo alionekana Florida mwaka 1989, na huko amekuwa balaa, kwa sababu anaila mipungate ya wenyeji.

Nina sababu ya kulitaja hili. Mwaka jana niliona utando mweupe kama pamba kwenye majani mawili ya mpungate wangu. Nikaubonyeza kwa kijiti, ukatoa rangi nyekundu kama damu, rangi ile ambayo watu wa Meksiko walitia nguo tangu zamani. Ni mdudu mdogo anayefyonza utomvu, na hapa ana maadui wake, kwa hiyo alipunguza majani mawili akaishia hapo. Nikashtuka, maana nilikuwa nimemwona ndugu yake wa karibu nyumbani nilipokuja kumwona mama: wataalamu wamemwachilia Laikipia makusudi ili aumalize ule mpungate wetu. Nilikuta vichaka vizima vimenyauka, vimegeuka majivu, na nyasi changa zikichungulia katikati. Wengine kijijini walidhani ni ukungu wa ugonjwa wakataka kuviteketeza. Jamani, msichome. Jani lenye pamba ile nyeupe ni dawa. Vikundi vya kwetu hulikata kwa uangalifu na kuliegemeza kwenye kichaka ambacho hakijapata wadudu, kisha kinaachwa.

Sasa wewe kijana unayetengeneza bustani za watu Nanyuki, wateja wako wakitaka mmea usiohitaji maji, usiende kuwatafutia kaktasi. Afrika nzima ina kaktasi mwenyeji wa aina moja tu, nao hauna miiba ya kutisha: unaning'inia kama nyuzi kwenye miti ya misitu yenye unyevu, haukufai. Lakini nchi kavu ya kwenu ina osuguroi. Uliwahi kuutazama vizuri? Ni mshubiri wa majani manene yenye meno pembeni, unaotoa mashada ya maua mekundu wakati kila kitu kimekauka, chozi wakapigania nafasi. Bibi yako anaujua kwa dawa tangu hujazaliwa. Kuna mkonge mwitu unaosimama kama mikuki kwenye changarawe. Otesha miche yako mwenyewe, usiing'oe porini, na tuta lake ni lilelile nililoeleza hapo juu: kokoto, mchanga, mwinuko, na mkono mzito kwenye bomba la maji. Na ukiona mpungate umepandwa kwenye chungu langoni kwa mteja, mwambie ukweli kuhusu mbuzi wa babu yako.

Aliniandikia juzi. Ametenga kona ya kitalu chake, ana miche thelathini na miwili ya osuguroi, na ameniahidi picha itakapochanua.

Hapa kwangu kuna katoni mbili kibarazani zenye majani yanayokausha jeraha, ya wenzangu watatu wa kanisani, wawili Wakongo na mmoja wa Tanga. Na mama amepiga tena Jumapili. Tuliongea habari za mvua, za goti lake, za bei ya unga. Kuhusu mpungate hakusema neno hadi mwisho, alipokuwa karibu kukata, akauliza: "Hao nyuki bado wanakuja?" Nikamwambia wanakuja, Mama, tangu saa moja asubuhi.

Mwana wa Doldol,
Aurora, Colorado